Kabla ya kwenda Himalaya msimu wa mvua

Upepo huu huu wa kusi unaovuma pwani yetu ndio unaovuka bahari na kuchota maji, ukifika India unagonga ukuta wa Himalaya na kuyamwaga pale, kuanzia Juni mpaka Septemba. Kama likizo yako imeangukia humo na umeshaamua kwenda Uttarakhand, jimbo la milimani kaskazini mwa India, soma kwanza, tiketi utakata baadaye.

Ukitokea Kenya au Uganda, chanjo ya homa ya manjano uwe umeipata angalau siku 10 kabla ya kuingia India, na kadi yake uitembeze na pasi. Chukua koti la mvua, mwavuli uache. Soksi ziwe ndefu na suruali uichomeke ndani yake, maana ruba wamejaa kwenye majani. Beba pesa taslimu. Umeme na mtandao vikikatika, mashine ya benki haikupi kitu. Ukiendelea mpaka Ladakh, eneo la milima mirefu kaskazini zaidi, laini ya kulipia kabla uliyosajili jimbo lingine haifanyi kazi kule, kwa hiyo waage nyumbani mapema wasije wakahangaika.

Sasa begi. Hapa nisikilize vizuri.

Agosti moja, nikiwa nasoma Dehradun, mji mkuu wa Uttarakhand, mdogo wangu alinitembelea. Tulikuwa tunarudi kutoka Joshimath kwenda Rishikesh kwa basi, barabara inayofuata mto Alaknanda. Utingo alipakia mabegi yote kwenye keria, akafunika turubai, akakaza kamba. Mchana tukakuta mlima umeporomokea barabara. Tingatinga likisukuma udongo mtoni, mwingine unateremka. Nyuma yetu foleni, hakuna kugeuza. Giza likaingia, na ule unyevu na baridi vikamwamshia mdogo wangu pumu. Pampu yake iko wapi? Kwenye keria.

Nikamwomba utingo apande aitoe, akakataa, ila si kwa roho mbaya. Alituambia tunyamaze tusikilize: kokoto zilikuwa zinadondoka kwenye paa moja moja, kama mtu anachambua mchele kwenye sinia. Zikianza hivyo, jiwe kubwa linaweza kuwa njiani. Nilimkalisha mdogo wangu wima, nikamfunika kanga mabegani, nikawa namhesabia pumzi, na kila akivuta kifua kinapiga mluzi. Mama mmoja wa kiti cha mbele alitupa maji ya moto kutoka chupa yake ya chai. Tulikaa hivyo mpaka karibu saa 11 alfajiri, mvua ikakatika, utingo akapanda na kuikata ile kamba kwa kisu bila hata kujaribu kuifungua.

Kwa hiyo dawa, pasi, pesa, tochi, sweta, maji na chakula cha siku nzima vikae mapajani mwako, hata kama begi linakubana. Tena mara nyingine abiria huteremshwa, mkavuka kifusi kwa miguu na kupanda gari jingine upande wa pili. Begi la magurudumu utaliburura wapi kwenye tope lile?

Kati ya siku ya kushuka mlimani na siku ya ndege, acha siku tatu tupu. Fuata tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa ya India. Wilaya unayokwenda ikipewa rangi ya chungwa au nyekundu, baki ulipo. Jua la mjini lisikudanganye, maji hutoka juu usikokuona. Kedarnath, mji wa mahujaji huko Uttarakhand, Juni 2013, ziwa dogo la Chorabari lilivunja kingo zake baada ya mvua kubwa, na maelfu ya watu walikufa katika mafuriko ya siku zile. Hata Leh, mji wa Ladakh ambako milima huzuia mawingu na kawaida ni kukavu, ilifurika usiku mmoja wa Agosti 2010.

Chumba cha kando ya mto usikichukue, hata mandhari yake yakuite vipi. Usivuke kijito cha maji ya tope. Usipige picha chini ya mteremko uliochanika. Usimharakishe dereva, na akisema leo haondoki, mwagizie chai mkae.