Kuchagua na Kupanga Herufi za Maandishi ya Kiswahili

Kabla ya kuchagua fonti ya kitabu au ripoti ya Kiswahili, andika sentensi moja na uichape kwenye karatasi kwa ukubwa utakaoutumia: Ng’ombe wawili wa mkwewe wamekwama kwenye kichaka. Sampuli za wauza fonti kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza au Kilatini, na hazikuonyeshi yale ambayo Kiswahili hukutana nayo karibu katika kila mstari, yaani w na k nyingi, a tele, na ritifaa ya ng’.

Sababu ya kuanzia hapo imo katika historia. Johannes Gutenberg alipochapa Biblia mjini Mainz, karibu na mwaka 1455, aliiga mwandiko mzito wa wanakili wa Ujerumani. Mwaka 1470 Nicolas Jenson, Mfaransa aliyefanya kazi Venice, alitumia herufi nyepesi na za mviringo zilizofuata mwandiko wa wasomi wa Italia, na kutokana na mtindo huo ndipo zilipokuja herufi tunazozisoma vitabuni hadi leo. Lakini lugha aliyoichapa zaidi ilikuwa Kilatini, ambacho hakina w na hutumia k kwa nadra mno. Wachapaji wengi wa zamani waliokosa w waliweka v mbili bega kwa bega. Kwa hiyo, katika fonti za leo zilizofufuliwa kutoka enzi hizo, mara nyingi w ni kazi ya mchoraji wa siku zetu, si ya fundi wa kwanza. Ichunguze kwa makini. Isiwe pana au nyeusi kuliko jirani zake, na katika neno kwa pasionekane pengo linaloigawa k na w.

Baada ya hapo tazama a. Mwaka 1816 William Caslon IV wa London alitoa sampuli ya herufi zisizo na serifu, vile vikono vidogo vya kwenye ncha, na mwaka 1927 ikatoka Futura ya Paul Renner, iliyojengwa kwa duara na mistari iliyonyooka. Ni fonti nzuri sana kwa vichwa vya habari. Hata hivyo, a yake ndogo ni duara lenye kijiti ubavuni, na macho yakichoka huikaribia o. Katika lugha inayotenganisha panda na ponda, au taa na toa, kwa vokali hiyo tu, sishauri kuitumia katika kurasa mfululizo. Chagua fonti ambayo a yake ina tumbo chini na kifuniko juu.

Ukubwa hupimwa kwa pointi, na katika kompyuta pointi 72 ni inchi moja. Usidhani kwamba fonti mbili za pointi 11 zitalingana machoni. Zamani fundi alichonga herufi kwenye ncha ya chuma, akaigonga katika shaba, kisha akamimina mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni katika alama iliyobaki. Kilichopimwa kilikuwa kipande cha madini kilichobeba herufi, wala si herufi yenyewe. Kompyuta imerithi desturi hiyo, kwa hiyo linganisha kwa macho urefu wa a na n badala ya kuitegemea namba.

Times New Roman inastahili kuzungumziwa peke yake, kwa kuwa tasnifu na barua nyingi huandikwa kwayo. Ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia mwaka 1932, na ilibanwa ili maneno mengi yaenee katika safu nyembamba. Ukiitandaza kwa pointi 12 kwenye karatasi ya A4, mstari unaweza kupita herufi 90, na jicho hupotea linaporudi kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata. Ongeza pambizo hadi kila mstari uwe na herufi kati ya 45 na 75, pamoja na nafasi, na kwa herufi za pointi 11 weka pointi 14 au 15 toka mstari hadi mstari.

Mistari ikiwa mifupi zaidi ya hapo, urefu wa maneno yetu utakusumbua. Neno kama watakapowaambia halina pa kukunjwa lisipokatwa, na ukilazimisha kingo zote mbili zinyooke, nafasi zitapanuka na kuchora michirizi myeupe katikati ya aya. Acha ukingo wa kulia bila kunyooshwa, au ruhusu maneno yakatwe kwa kistari baada ya vokali: nyu-mba, kwe-nye, ki-ta-ndi-ko. Kwanza badilisha lugha ya hati iwe Kiswahili. Programu ikidhani ni Kiingereza inaweza kukata mb au nd katikati.

Mwisho ni ritifaa. Ritifaa yenye umbo la kijiti kilichonyooka (') ni urithi wa taipureta, ambayo ilitumia kitufe kimoja kwa alama kadhaa ili kupunguza vitufe. Katika chapa, ritifaa hupinda kama tarakimu 9, na kuiacha hubadilisha neno, kwani ng’oa si ngoa. Tafuta kila ng’ katika hati, hakikisha alama ni moja kote, kisha uone kama haigusi sikio la g, yaani kile kikono kidogo cha juu kulia, hasa katika herufi za mlazo, na kama hakuna mstari unaokatikia hapo.