Kuiga treni inavyoacha reli kwenye kona: anza na uzito ulio kwenye gurudumu

Simyuleta nyingi za reli huuliza swali moja tu kwenye kona: je, spidi imepita kikomo? Ikipita, treni inaanguka. Utaratibu huo haunitoshi hata kidogo, kwa sababu behewa tupu linaweza kuacha reli likienda mwendo wa mtu anayetembea, na treni ya abiria inaweza kuzidisha kikomo na ikapita salama. Mimi hutengeneza mabehewa na njia za simyuleta, na huhesabu kila gurudumu peke yake: linasukumwa pembeni kwa nguvu gani, na ni uzito gani unaolikandamiza juu ya reli. Nguvu ya pembeni tuiite Y, uzito tuuite Q.

Andika kwanza nusu kipenyo cha kona, R, na kiasi ambacho reli ya nje imeinuliwa juu ya ile ya ndani. Kwenye njia yenye upana wa milimita 1435, umbali kati ya sehemu ambazo magurudumu mawili ya ekseli hugusa reli ni takriban milimita 1500, na mwinuko unaosawazisha nguvu zote ni 11.8 × V² ÷ R (V kwa km/saa, R kwa mita, jibu kwa milimita). Chukua kona ya mita 300 yenye mwinuko wa milimita 100. Treni inatulia kwa karibu 50 km/saa. Kwa 80 km/saa ingehitaji milimita 252, kwa hiyo imepungukiwa na 152. Gawa 152 kwa 1500, upate 0.10. Hiyo ndiyo sehemu ya uzito wa behewa inayolisukuma nje.

Kitovu cha graviti kikiwa mita 1.8 juu ya reli, zidisha 0.10 kwa 2 × 1.8 ÷ 1.5. Magurudumu ya ndani yamepoteza karibu robo ya uzito wake, na ya nje yameubeba. Ongeza spidi mpaka ya ndani yafike sifuri: kwa kona hii ni kama 138 km/saa, na hapo behewa linapinduka. Lakini hilo ni behewa gumu kama sanduku. Behewa lenye springi huyumba kuelekea nje na kuhamisha kitovu chake, kwa hiyo mimi huongeza robo kwenye kimo cha kitovu, kutoka 1.8 hadi 2.25. Jibu linashuka hadi 125 km/saa. Kwenye Open Rails, simyuleta mojawapo ya reli, kimo hicho huandikwa ndani ya faili la behewa, kwenye mstari wa CentreOfGravity. Tafadhali usinakili thamani moja kwa tangi la mafuta, behewa la kokoto na behewa la ghorofa.

Kupima sehemu hii natumia ajali mbili, na nazitumia kwa heshima kwa sababu watu wengi walikufa. Karibu na Santiago de Compostela, Hispania, tarehe 24 Julai 2013, treni iliingia kwa takriban 179 km/saa kwenye kona ya mita 400 hivi yenye kikomo cha 80. Modeli isiyoipindua treni hiyo itupwe. Amagasaki, Japani, tarehe 25 Aprili 2005, ni mtihani mgumu zaidi: kona ya mita 304, kikomo 70, treni iliingia kwa kama 116. Njia ya pale ina upana wa milimita 1067, hivyo badilisha ile 1500 iwe karibu 1120, na ile 11.8 iwe karibu 8.8. Ukiweka behewa gumu lenye kitovu kwenye mita 1.5, hesabu inaipitisha treni, ilhali behewa la kwanza lilipinduka kweli. Ukiona hivyo, rudi kwenye springi, kisha ongeza mitikisiko ya pembeni inayotokana na njia yenyewe.

Sasa tuje kwenye gurudumu kupanda reli, ambako simyuleta nyingi hazigusi kabisa. Mfaransa Nadal alitoa kipimo kinachotumika mpaka leo: Y/Q isizidi (tan δ − μ) ÷ (1 + μ tan δ). δ ni pembe ya flenji, ule ukingo wa gurudumu unaolizuia lisitoke, na μ ni msuguano. Kwa pembe ya 70° na msuguano wa 0.4, kikomo ni 1.12. Reli ikiwa kavu na msuguano ukafika 0.5, kinashuka hadi 0.95. Kwa msuguano huo huo, flenji yenye pembe ya 60° inabaki na 0.66 tu. Kwa hiyo hali ya hewa na umbo la gurudumu viingie kwenye modeli yako.

Je, Y inatoka wapi kama treni inatambaa? Kwenye kona kali, ekseli ya mbele haielekei sawasawa na reli. Gurudumu la ndani linakwaruza kwa ubavu na kulisukuma la nje kwa nguvu ya takriban μ × Q ya ndani. Chukua behewa tupu la tani 20 lenye ekseli nne, yaani kilonyutoni 49 kwa ekseli. Mwisho wa kona, reli ya nje inaposhuka kurudi usawa wa kawaida, njia imejipinda, na gurudumu la nje la mbele linaning'inia. Likipoteza asilimia 40 ya uzito, Q ni 14.7, la ndani lina 34.3, Y ni 13.7 kwa msuguano wa 0.4, na Y/Q ni 0.93. Liko salama, chini ya kikomo cha 1.12. Likipoteza asilimia 60, Y/Q inaruka hadi 1.6 na flenji inapanda. Spidi haimo popote kwenye hesabu hiyo. Ndiyo maana nasisitiza uchore mpito wa kuingia na kutoka kwenye kona; programu inayorusha mwinuko wote kwa mkupuo haitakuonyesha ajali ya aina hii.

Viunganishi vya mabehewa vina hesabu fupi: nguvu ya pembeni kwa behewa ni mvuto (nguvu inayopita kwenye kiunganishi) × urefu wa behewa ÷ R. Kilonyutoni 800, mita 15 na kona ya mita 200 vinatoa 60. Mvuto hulivuta behewa ndani ya kona, breki za injini hulisukuma nje. Behewa tupu likiwekwa mbele ya mzigo mzito ndilo la kwanza kulijaribu.

Usitangaze ajali kwa kilele cha kufumba na kufumbua. Kanuni ya Ulaya EN 14363 huchukua wastani wa Y/Q juu ya mita 2 za njia. Kwa 72 km/saa mita hizo hupita kwa sekunde 0.1, kwa hiyo piga hesabu angalau kila sekunde 0.01. Ukiifunga hesabu kwenye picha 30 za skrini kwa sekunde, utapata vipimo vitatu tu, na kompyuta ikielemewa hata hivyo vitapungua. Tenganisha saa ya fizikia na saa ya picha kabla ya kugusa namba nyingine yoyote.