Kugawana pesa ya dagaa bila kukwama kwenye chenji

Mbalamwezi ikitoka, taa hazivuti dagaa tena, na wavuvi hukaa mwaloni kupiga hesabu ya giza zima. Tuseme mafuta yameshatolewa, sehemu ya chombo imeshatolewa, zimebaki shilingi 3,553,550. Ichambueni namba hiyo kwanza. Itawaonyesha watu wangapi wanaweza kugawana sawasawa.

Anzeni na sarafu. Wakiwa 14, kila mmoja anapata 253,825 bila baki. Kwenye karatasi ni sahihi, lakini kwenye soko la Kirumba, Mwanza, hiyo 25 utailipa na nini? Sarafu ndogo inayopita sokoni ni ya 50. Kwa hiyo gawa jumla kwa 50 kabla ya yote: unapata 71,071. Hizo ndizo hamsini mlizonazo, na ndiyo namba ya kutafutia vigawo.

Tarakimu ya mwisho ni 1, basi 2, 4, 5, 6, 8 na 10 zote zimetoka. Jumla ya tarakimu ni 7+1+0+7+1 = 16, haigawanyiki kwa 3, basi 9 na 12 nazo hazimo.

Kwenye 7, 11 na 13 ndipo wengi huchoka, kumbe zinapimwa kwa mpigo mmoja, kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1,001. Kata namba tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu. Hapa alama ya mkato imeshakukatia: 71 − 071 = 0. Ukipata 0, zote tatu zinagawa. Ukipata jibu jingine, lipime hilo dogo kwa 7, 11 na 13, moja moja. Angalia sana upande wa kuanzia: ukikata kutoka kushoto unapata 710 na 71, tofauti yake 639, ambayo haigawanyiki kwa hata moja kati ya hizo tatu. Hapo unapotea kabisa.

Sasa gawa kwa mfululizo: 71,071 ÷ 7 = 10,153; ÷ 11 = 923; ÷ 13 = 71. Je, 71 ni namba tasa? 9 × 9 ni 81, imeshapita, kwa hiyo inatosha kujaribu 2, 3, 5 na 7. Hakuna inayogawa, ni tasa.

Basi 71,071 = 7 × 11 × 13 × 71. Wakiwa 7, kila mtu 507,650. Wakiwa 11, ni 323,050. Wakiwa 13, ni 273,350. Hakikisha kwa kuzidisha kurudi nyuma.

Wakiwa 4 linabaki 150; wakiwa 5 au 6, linabaki 50; wakiwa 8, linabaki 350. Kubalianeni baki linakwenda kwa nani kabla noti hazijaanza kuhesabiwa.