Mteja ana kadi ya bima, mbona bado analipa? Kwa wenzangu wa famasi

Wale mnaouza dawa Kampala, Jinja, Mbarara mnajua hii vizuri, mteja anaweka kadi mezani akijua hatoi hata shilingi, unamwambia lete elfu thelathini na kitu basi uso unabadilika, anaona kama unamuibia. Mi nashauri kitu kimoja, hesabu ifanyike KABLA dawa haijaingia kwenye mfuko.

Chukua kikaratasi umwandikie, usimtajie tu kwa mdomo. Tuseme dawa zote ni 120,000. Ndani kuna vitamini za 25,000, na bima nyingi hazigusi vitamini wala mafuta ya ngozi, hiyo ni yake moja kwa moja. Zinabaki 95,000. Kama mkataba wake wa bima una kopei ya asilimia 10, yaani sehemu anayochangia mwenyewe kila akitumia kadi, hapo ni 9,500. Jumla yake 34,500, bima inamalizia 85,500. Akiona namba zimepangwa hivyo hagombani, au akigomba atagomba na HR wake, ile ofisi ya wafanyakazi kazini kwake, sio wewe 😂

Sasa ugumu uko kwenye limiti. Watu wengi wanadhani kadi haina mwisho, kumbe pesa ya matibabu ya nje, yaani ya kutibiwa bila kulazwa, imewekewa kiwango cha mwaka, na mara nyingi familia nzima inakula hapo hapo, watoto wakiugua malaria mfululizo baba akija na presha yake anakuta kidogo. Tukirudi kwa huyo wetu, kadi ikionyesha imebaki 60,000 tu basi ile 25,500 iliyozidi inamrudia yeye juu ya ile 34,500, jumla atalipa 60,000. Mwambie pole pole, na usitaje ugonjwa wake kwa sauti foleni yote isikie jamani.

Usimwache hapo. Muulize, "Mama, nikupigie daktari tuone kama kuna jeneriki?" Dawa ni ile ile, jina la kampuni ndilo linapandisha bei, ila usibadilishe kimya kimya. Akishindwa kabisa mwelekeze hospitali ya serikali, huduma za kawaida huko hazilipiwi tangu 2001, japo dawa huisha na foleni ni ndefu, na ARV, dawa za VVU, zinatolewa bure.

Kuna wanaouliza bima ya taifa iko wapi. Bunge lilipitisha muswada 2021 lakini rais hakuusaini, kwa hiyo kadi unazoziona dirishani ni za kampuni binafsi na kila moja ina masharti yake, usibahatishe, piga simu kwa bima mteja akiwa hapo hapo asikie mwenyewe.

Mtandao wa kadi ukikataa na mteja akaamua kulipa cash, mpe risiti yenye jina lake na kila dawa na bei yake, akae na kopi ya karatasi ya daktari, maana ile risiti ya "dawa mbalimbali" bima wataikataa akienda kudai pesa yake.