Sombe ya Kinu, Kama Ilivyopikwa Zamani Bukavu
Wengi siku hizi hununua sombe (majani ya muhogo) iliyosagwa kwa mashine sokoni Kadutu, lakini ile inayotwangwa kinuni pamoja na kitunguu saumu na pilipili mbichi ina utamu ambao mashine haitoi. Chagua majani machanga ya muhogo, yatwange mpaka yalainike, kisha yachemshe kwa maji mengi, sufuria ikiwa wazi, kwa saa 1 au zaidi. Usifupishe hatua hii, kwa sababu majani mabichi yana sumu ambayo hupungua kwa kutwangwa na kuchemshwa. Maji yakikaribia kukauka, tia mawese, karanga zilizosagwa na sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) waliokaushwa juani, ukikoroga taratibu mpaka mafuta mekundu yaelee juu. Chumvi hutiwa mwisho. Pakua kwa bugali wa moto.