Somo: Kuwa mthamini wa nyumba za vijijini (someni hapa, inboksi imejaa)

Wakuu, kila wiki naulizwa jambo hilo hilo. Naandika mara moja.

1. Shule: digrii ya uthamini, Chuo Kikuu Ardhi, au uanzie stashahada.

2. Usajili: tangu Sheria ya Uthamini ya 2016 hakuna njia ya panya. Mpaka Bodi ya Usajili wa Wathamini ikutambue, unashika tepu chini ya mkubwa wako.

3. Bei: nyumba za kijijini haziuzwi kila siku, hivyo mara nyingi huna mauzo ya kulinganisha. Unapiga gharama za kuijenga upya, unatoa uchakavu. Bei ya bati iulize gulioni, ya tofali za kuchoma muulize mwenye tanuru.

4. Jina la mwenye mali. Hapa ndipo nilipoungua. Ilikuwa fidia ya barabara. Nikamkuta kijana uani, akanionyesha vyumba vitatu, choo cha shimo na migomba, akashika kibao cha namba, nikampiga picha. Nikaandika jina lake. Kumbe nyumba ni ya mama yake, na mama yuko kliniki. Siku ya kuhakiki jedwali la fidia mama akaja na hati ya kimila ndani ya mfuko wa nailoni, akaifungua taratibu mbele ya kijiji kizima. Tukairudia kaya ile, na majirani nao wakadai warudiwe. Mwenyekiti wa kitongoji awepo, majirani wa mpakani wawepo, mume na mke wote watie saini. Mwenyewe hayupo? Rudi kesho. USIJAZE kwa kudhani.

MASWALI

– Mkuu, mimi dalali miaka sita, chuo lazima?
Namba 2. Soma.

– Ila inalipa?
Kuna siku unalala kwa mtendaji, unakula mihogo. Jipime.

– Tulithaminiwa, mwaka wa tatu huu hatujalipwa.
Pole sana. Uthamini wa fidia unadumu miaka 2 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali auidhinishe. Ukipita huo muda, dai urudiwe. Na mkague posho ya makazi: kodi ya mwezi mara 36. Wengi hawaiulizi.

– Kaka, migomba mnahesabuje bila kuchanganya?
Swali zuri, dada. Kwa shina, michanga mbali na inayozaa. Kila shina ulilohesabu lipake chokaa.

– Huku Kagera mvua inaiosha kabla hujafika mwisho wa shamba. Sisi tunafunga kipande cha salfeti.
Hiyo naichukua.