SOMO: Makato usiyoyatambua kwenye kadi yako, hatua kwa hatua

Wakuu, swali la "kuna hela imekatwa kwenye kadi na siijui, nifanyeje?" linarudi kila wiki na kila wiki tunalijibu upya. Naweka jibu zima hapa. Someni kwa mpangilio, maana hatua inayotangulia inaamua inayofuata.

1. Sitisha kadi kwa muda kwenye aplikesheni ya benki. Kama pesa bado zinatoka, achana na hatua nyingine, piga namba iliyo nyuma ya kadi.

2. Piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe, kiasi na jina kama lilivyoandikwa.

3. Angalia kama muamala umekamilika au bado unasubiri. Unaosubiri ni pesa iliyoshikiliwa tu. Hoteli, wakodishaji magari na pampu za mafuta hushikilia kiasi kikubwa kuliko bili yenyewe, kisha hukata kiasi halisi na kuachia kinachobaki. Kwa kawaida huchukua siku chache, ila hoteli na magari yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Benki nyingi hazipokei pingamizi mpaka muamala ukamilike. Lakini kama una hakika ni wizi, toa taarifa hata kama unasubiri, ili kadi ifungwe.

4. Fuatilia jina. Jina kwenye taarifa ya akaunti mara nyingi si lile lililo mlangoni mwa duka. Linaweza kuwa la kampuni mama, au la kampuni inayopokea malipo kwa niaba ya muuzaji. Ukiona "PAYPAL *" au "SQ *", muuzaji ni yule aliyeandikwa baada ya nyota (SQ ni Square). Mji unaoonekana unaweza kuwa wa makao makuu tu, hata kama hujawahi kufika huko. Tafuta kile kiasi kwenye barua pepe zako, si jina peke yake, maana risiti inaweza kubeba jina tofauti. Kama malipo yalikuwa ya fedha za kigeni, kiasi hakitalingana kwa sababu ya kiwango cha kubadilisha fedha na ada ya benki. Tarehe nayo husogea: ulichonunua Ijumaa kinaweza kuandikwa Jumatatu. Halafu waulize wa nyumbani wanaotumia simu au akaunti yenye kadi yako. Michezo ya watoto na majaribio ya bure yaliyokwisha muda wake ndiyo chanzo cha makato mengi ya "ajabu".

5. Chagua sababu sahihi ya malalamiko. Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa waliyokuwa na haki nayo, kwa hiyo soma taratibu. Benki itataka kujua kama muamala hukuufanya kabisa, au uliufanya ukapata tatizo.

Kama hukuufanya, ni wizi: nenda benki moja kwa moja, kadi ifungwe, upewe yenye namba mpya. Kama uliufanya lakini mzigo haukufika, umekatwa mara mbili, au ulifuta usajili wakaendelea kukata, huo ni mzozo na muuzaji. Anza na muuzaji kwa maandishi, tunza majibu yake, na akikataa au akinyamaza upeleke benki.

Ukisema "nimeibiwa" kwa usajili ulioufungua mwenyewe, muuzaji ataleta barua pepe uliyojisajili nayo, anwani ya intaneti ya kifaa chako, na pengine ushahidi kwamba malipo yalithibitishwa kwa namba ya siri ya mara moja iliyotumwa kwenye simu yako. Dai linaanguka. Kulifungua tena kwa sababu nyingine ni vigumu, kwa kuwa maelezo yako ya kwanza yako kwenye faili na yanapingana na mapya.

ONYO: Usitumie namba ya huduma kwa wateja uliyoipata kwenye tangazo la mtandaoni. Na simu ikikujia wewe, mtu akisema "tumeona makato ya ajabu, nisomee namba uliyotumiwa", kata. Huyo ndiye mwizi.

6. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko na uiandike. Usichelewe. Kwa mizozo mingi kanuni za Visa na Mastercard hutoa hadi siku 120, lakini benki yako inaweza kukupa muda mfupi zaidi.

MASWALI

Kipanga: Mkuu, nimekatwa hela na jina silijui. Nifanyeje?
Jibu: Hatua ya 1 hadi ya 4. Ukikwama kwenye ya 4, rudi na jina kama lilivyoandikwa.

Njia Panda: Nimeweka picha ya kadi pande zote mbili, nisaidieni kuangalia.
Jibu: Ifute sasa hivi, kisha piga benki uombe kadi mpya. Hakuna anayehitaji namba ya kadi yako ili akusaidie.

Mzee wa Kazi: Maneno mengi. Si upige tu benki useme umeibiwa, watarudisha?
Jibu: Soma hatua ya 5. Pesa inayorudi mwanzoni mara nyingi ni ya muda tu. Uchunguzi ukikukataa, inachukuliwa tena.

Mwanga: Kwa nini mwizi akate kiasi kidogo sana wakati kadi ina pesa?
Jibu: Swali zuri. Namba za kadi zilizoibwa huuzwa kwa mafungu, na nyingi zimeshafungwa. Anayezinunua hujaribu kila moja kwa kiasi kidogo ambacho mwenye kadi hatakitilia maanani. Kikipita, anajua kadi iko hai na makato makubwa yanafuata. Kwa hiyo usidharau kato dogo la jina geni. Washa meseji za kila muamala bila kuweka kiwango cha chini.

Mama Tuli: Nilibadilisha kadi, namba ni mpya kabisa, lakini usajili bado unanikata. Wamepataje namba?
Jibu: Dada, mitandao ya kadi ina huduma inayowapelekea wafanyabiashara waliosajiliwa namba yako mpya ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Ndiyo maana kubadilisha kadi hakufuti usajili. Futa kwa muuzaji mwenyewe, tunza uthibitisho, kisha iambie benki izuie malipo ya muuzaji huyo. Hata kusitisha kadi kwa muda, benki nyingi huacha makato ya aina hiyo yapite.

Mwanga: Na muuzaji akisema amerudisha pesa ila benki haioni?
Jibu: Mwombe ARN, namba ya tarakimu 23 inayoambatana na marejesho. Ipeleke benki, wataufuatilia muamala kwa namba hiyo. Akishindwa kukupa, huenda hajarudisha, au alifuta muamala kabla haujakamilika. Ukifutwa hivyo hutaona pesa ikiingia. Kiasi kilichoshikiliwa kinaachiwa tu, basi angalia salio.